Kabati la kupandishwa ghorofa ya tatu Mji Mkongwe: nifunge kwa kitu gani?

Seremala wa Wete

Assalaam alaykum mafundi. Nina karakana ndogo hapa Wete, na kazi yangu siku zote ni milango na vitanda vya mbao ngumu. Sasa nimepata kazi ya jikoni: makabati manane ya chipbodi ya melamini, milimita 16, nyumba iko Mkunazini, ghorofa ya tatu. Nimekwenda kupima mwenyewe. Ngazi inapinda mara mbili, na penye kona ya juu upana haufiki sentimita 70. Kabati lililokwisha kufungwa halipiti, si kwa ubavu wala kwa kichwa. Itabidi nikate na kutoboa huku Pemba, vipande vipande vije kwa meli hadi bandari ya Malindi, Unguja, vibebwe vichochoroni, nifungie jikoni kwenyewe. Na mteja kaniambia nyumba ni ya kupanga, akihama atataka kuyafungua aondoke nayo.

Nimejaribu kabati moja kwa zile kamu za duara, bolti unaifunga kwenye uso wa ubao mmoja, kichwa chake kinaingia ukingoni mwa ubao wa pili, kisha unazungusha kamu kwa bisibisi inakaza. Biti ya milimita 15 sikuipata, nikatumia biti bapa ya inchi 5/8. Matundu mawili ncha imetokea upande wa pili, ubao mzima umeharibika. Matundu mengine kamu inacheza. Ubao ule nimelipa mimi, si mteja, na umeniuma.

Nauliza: niendelee na kamu, au nihamie skrubu nene za Confirmat? Na kwa pesa kidogo niliyonayo, zana gani ninunue mwanzo?

Kijana wa Fuoni

Kaka, wa alaykum salaam. Mimi natumia Confirmat tu, za milimita 7 kwa 50. Ubavuni tundu la milimita 7, ukingoni tundu la milimita 5, umemaliza. Kuna biti moja yenye ngazi inatoboa yote mawili na kulaza kichwa kwa mpigo mmoja. Ukikosea milimita moja bado unafunga, kamu haikusamehe. Vichwa vinaonekana, lakini kuna vifuniko vya plastiki vya rangi ya ubao, na kabati likikaa kati ya mengine nani anauona ubavu?

Fundi wa Kikwajuni

Mwanangu wa Wete, pole kwa ubao. Nami niliharibu hivyohivyo, tena wa mteja, kwa hiyo nitakueleza kwa urefu.

Biti bapa ina pua ndefu. Kamu ya 15 kwenye ubao wa 16 inataka kina cha 12.5, zinabaki milimita tatu na nusu tu chini yake. Pua ile ni ndefu kuliko hizo, lazima itokee. Na inchi 5/8 ni karibu milimita 16 kamili, ndiyo maana kamu inacheza. Hukukosa mkono, ulikosa biti. Tafuta ya 15 yenye kitako bapa na pua fupi, uipime pua kwa rula kabla ya kulipa.

Kijana wa Fuoni hakusema uongo, Confirmat inashika. Lakini huyo mteja atahama. Confirmat inakula ndani ya ukingo, na ukingo wa chipbodi katikati yake ni chembe kubwa kubwa zilizogandishwa. Ukiitoa na kuirudisha mara mbili tatu, meno ya tundu yanasagika. Kamu haiko hivyo. Bolti yake inakaa kwenye uso wa ubavu, pale ubao ulipobana zaidi, na ukifungua huigusi, unazungusha kamu tu. Ubao hauumii. Kwa kazi yako ningetia kamu kila kiungo kinachofunguliwa, na Confirmat kwenye zile mbao mbili nyembamba za mbele na nyuma zinazounganisha mbavu juu, za makabati ya chini, ambazo kaunta itazifunika.

Kitu ambacho wengi wanakiacha ni vijiti vya mbao vya milimita 8. Kamu inavuta, haibebi. Mzigo wa sahani unabebwa na kijiti, na kijiti ndicho kinachoweka ubao mahali pake. Milimita 20 ndani ya ukingo, kwa gundi, na 11 au 12 ndani ya ubavu, bila gundi, ndipo kabati litafunguka.

Wewe unatengeneza vitanda, kwa hiyo jambo hili unalijua tayari. Mfumbati, ule ubao wa ubavuni mwa kitanda, ukiingia kwenye tendegu, ulimi ndio unaobeba, bolti inavuta tu. Samadari, vile vitanda vya wazee wetu, zilipanda ngazi hizohizo za Mji Mkongwe zikiwa vipande. Na siku utakayofanya kabati la mbao ngumu, acha kamu, rudi kwenye bolti ya M6 na ile nati ya duara inayolala ndani ya ubao, ya chuma kisichoshika kutu ukiipata.

Sasa zana. Usinunue mashine. Nenda kwa fundi vyuma mwenye drili ya kusimama, akutobolee kipande cha chuma bapa: tundu la milimita 5 la bolti na la 8 la kijiti, umbali milimita 32 kati yao. Kifunge kwenye kipande cha mvule chenye mdomo unaokamata ukingo wa ubao. Hicho ndicho kielekezi chako, na matundu yote yatoke humo, usipime tena kwa tepu. Kila ubao uandike kwa penseli "mbele" na "chini", na kielekezi kianzie mbele siku zote. Kosa likiwepo litakuwa lilelile pande zote mbili, na kabati litakaa sawa.

Kina usikizuie kwa kufunga tepu kwenye biti, inapanda. Toboa kijiti cha mbao, kivishe biti kama shati, kikate ibaki milimita unazotaka.

Bolti za kamu zipo za milimita 24 na za 34, ndio umbali wa katikati ya kamu kutoka ukingoni. Nunua bolti kwanza, utoboe baadaye. Na kamu kaza kwa mkono, kwa drili inavunjika.

Mama wa Jang'ombe

Mimi si fundi, ni mwenye jiko. Makabati yangu viungo havijalegea hata kimoja, lakini vitako vyote vimevimba kwa maji ya kupigia deki. Mwanangu, mtilie miguu ya plastiki, na kila palipokatwa pakabaki wazi papakwe vanishi, na yale matundu ya bomba chini ya sinki usiyasahau. Mvua za masika ubao unakunywa hata unyevu wa hewa.

Seremala wa Wete

Ahsante sana ami, na mama, na kaka. Biti ya 15 nimeletewa kutoka Unguja, pua yake milimita mbili. Kielekezi nimekitengeneza kama ulivyosema ami, nikajaribu kwenye ule ubao ulioharibika. Nimefunga na kufungua mara sita, viungo bado vimebana, karatasi haipiti. Mara ya kwanza nilitia kamu mshale wake ukitazama ndani, bolti ikakataa kuingia, nikadhani nimekosea tundu tena. Mshale utazame ukingoni, na mwengine asije akahangaika kama mimi.

Miguu nimeagiza, vanishi nimepaka mara mbili. Jumatano napakia melini. Bolti nitazikaza hukohuko juu, maana zikitokeza zitakwaruza melamini ya ubao wa pili njiani.