Shule imemwita binti yangu mchawi mbele ya wenzake na kuchoma kitabu. Kitabu hicho nilikuwa namsomea mimi, baba yake

Wakuu, naandika saa saba usiku, sijalala na usingizi sioni dalili yake. Naombeni mnisome hadi mwisho kabla hamjanijibu.

Jana asubuhi, kwenye sekondari moja hapa Mwanza ambayo siitaji jina, mwalimu wa nidhamu alimsimamisha binti yangu mbele ya mstari wa shule nzima. Yuko kidato cha pili, ana miaka 14. Mwalimu akainua juu kitabu alichomkuta nacho kwenye begi, akakizungusha kila mtu akione, akasema: "Tumefuga mchawi humu ndani, na leo Mungu amemuumbua." Wanafunzi wakapiga kelele. Kitabu kikapelekwa kwenye shimo la taka nyuma ya jiko kikachomwa, na binti yangu akaamriwa asimame pale pale mpaka kiishe kuungua.

Kilichochomwa ni kitabu cha tano cha Harry Potter, cha yule mwandishi wa Uingereza, J. K. Rowling. Kurasa 766. Nilikinunua mimi mwenyewe Makoroboi, kwenye vitabu vya mtumba vilivyotandazwa chini, shilingi 12,000 baada ya kubishana sana na muuzaji. Na aliyekuwa anakisoma kwa sauti kila usiku sebuleni ni mimi, sura moja moja, binti akinirekebisha matamshi. Kama kuna mchawi wa kusimamishwa mstarini, mwalimu angeniita mimi.

Huyo mwalimu namfahamu vizuri kuliko anavyodhani, kwa sababu mwaka jana nilikuwa kama yeye. Nilikikuta kitabu cha kwanza chini ya mto wa binti yangu. Niliposoma nyuma ya jalada na kuona habari za shule ya wachawi, sikutaka maelezo. Nikakifungia stoo, juu ya magunia ya dagaa, nikamwambia mama watoto kwamba Jumapili kinakwenda kwa mchungaji. Akaniuliza, "Umekisoma?" Nikamjibu kwamba mtu hahitaji kuonja sumu ndipo ajue ni sumu. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele.

Wanaofanya biashara ya dagaa kwenye soko la Mwaloni hapa Mwanza wanajua wiki ya mbalamwezi ilivyo. Dagaa wanafuata taa kwenye giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa haina nguvu, mitumbwi inapumzika, wavuvi wanashona nyavu na sisi wanunuzi tunabaki mikono mitupu. Wiki hiyo ndiyo nilikishusha kitabu. Nilikusudia kukusanya ushahidi. Nilikaa na kalamu nyekundu ili nipige mstari kila penye mambo ya shetani, nikawasilishe kwa mchungaji kitu kinachoeleweka. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, kwa hiyo na kamusi ilikuwa pembeni.

Nikakutana humo na Harry, mtoto yatima. Wazazi wake wameuawa akiwa na mwaka mmoja. Analelewa kwa dada wa marehemu mama yake, analala kwenye kabati chini ya ngazi pamoja na buibui, anavaa nguo zilizomchosha binamu yake. Siku ya kuzaliwa ya binamu zawadi zinajaa meza, na yeye anakaanga nyama ya asubuhi.

Mimi baba yangu alikuwa ndani ya MV Bukoba, ile meli iliyozama Ziwa Victoria. Tarehe 21 Mei 1996, akitokea Kemondo na ndizi. Nilikuwa na miaka 12. Baba mdogo alinichukua, na Mungu amlipe, hakuninyima chakula hata siku moja. Lakini nyumba ilikuwa ndogo na watoto wake wengi, nikapewa godoro stoo, katikati ya nyavu na magaloni ya mafuta. Nililala na harufu hiyo mpaka nilipomaliza shule. Suruali zangu zote zilikuwa zimeshavaliwa na mtu mwingine. Miaka yote hiyo sikuwahi kukutana na kitabu kinachojua hali ya mtoto anayelala mahali ambapo vitu vinawekwa. Nikakikuta kwenye kitabu nilichokwenda kukishitaki.

Kalamu nyekundu haikugusa ukurasa. Usiku wa tatu nilimwita binti yangu, nikampa kitabu chake, nikamwambia, "Mama, nisamehe." Kisha nikamuuliza kama kuna cha pili.

Cha pili alikuwa ameazima kwa rafiki yake. Cha tatu nilikitafuta mwenyewe, na humo kuna mwalimu mzuri, maskini wa mavazi, anayeugua kila mwezi ukiwa mpevu na kuficha ugonjwa wake kwa kuogopa kufukuzwa kazi. Nilikisoma wiki ya mbalamwezi nyingine, mitumbwi imefungwa, na nilipofika mahali siri yake inapotolewa nje na mwalimu mwenzake nilikasirika mpaka mama watoto akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Kuanzia cha nne tukaweka utaratibu: tunasoma pamoja baada ya chakula cha usiku, na hakuna kusoma mbele peke yako. Binti aliheshimu, nami niliheshimu, ingawa mara nyingi ilikuwa kazi. Mtihani wake wa Kiingereza ulikuwa 38. Muhula uliopita amepata 71. Ninyi mnaojua watoto wetu wanavyotoka darasa la saba na Kiswahili, halafu kidato cha kwanza kila somo linageuka Kiingereza kwa siku moja, mnajua namba hiyo ina maana gani. Shule hiyo hiyo ndiyo iliyoandika kwenye ripoti "ameimarika sana".

Sasa nirudi kwenye neno lenyewe, maana hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko hata kitabu.

Mwalimu, wewe unafundisha Mwanza. Unajua neno mchawi linafanya nini huku kwetu. Vikongwe wa Usukumani wamekatwa mapanga usiku, ndani ya nyumba zao, kwa sababu macho yao ni mekundu. Na macho hayo ni mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe walichopikia wajukuu miaka yote. Anayeanza si mwenye panga. Anaanza mtu mmoja anayeheshimika, ananyoosha kidole na kusema "ni yule". Januari 2009 serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi nchi nzima kwa ajili ya ramli chonganishi na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, na kanda hii yetu ya Ziwa ndiyo iliyokuwa inalia zaidi. Ulichokifanya mstarini ni ramli chonganishi. Tofauti ni kwamba ulivaa tai na watoto wakakusikiliza kwa sababu wameamriwa kukusikiliza.

Na matokeo yameshaanza. Jana hiyo hiyo aliyekuwa anakaa naye dawati moja alihamia nyuma. Kwenye ndoo ya maji, binti alipomaliza kunywa, wenzake walikisuuza kikombe mara tatu huku anawatazama. Leo amekuta neno hilo limeandikwa kwa chaki kwenye dawati lake. Amerudi nyumbani akaniambia, "Baba, ni kama kitabu cha pili." Nilielewa mara moja. Kwenye kitabu cha pili shule nzima inaamini Harry ndiye anayedhuru wenzake, kwa sababu tu amesikika akiongea na nyoka. Anapita koridoni watoto wanampisha kwa hofu, na hakufanya lolote. Binti yangu alisoma sura hizo akiwa salama kwenye kochi. Sasa anaziishi.

Leo asubuhi nimekwenda shuleni. Niliacha mzigo Mwaloni, nikavaa vizuri, nikaomba kuonana na mkuu wa shule, na mwalimu wa nidhamu akaitwa. Nikauliza swali moja: kati yenu nani amekisoma? Hakuna. Hata ukurasa mmoja. Mkuu akaniambia "inajulikana" vitabu hivyo vina mafundisho ya kichawi. Inajulikana na nani? Nikawauliza, je, Adili na Nduguze ya Shaaban Robert nayo ichomwe? Mle kuna majini, na Hasidi na Mwivu wanageuzwa manyani, na ndugu yao anaamriwa awachape kila usiku. Hakuna aliyeita hiyo uchawi. Tunaiita fasihi na tunajivunia. Bibi yangu alitusimulia Shing'weng'we aliyemeza watu wote mpaka Masala Kulangwa akampasua tumbo wakatoka wazima. Alitusimulia Mwanamalundi aliyenyoosha kidole mti ukakauka. Tulilala fofofo, na asubuhi tulikwenda kanisani tukiwa tumeshikwa mkono na bibi huyo huyo. Mtoto anajua hadithi ni hadithi.

Jibu nililopewa ni kwamba binti aandike barua ya kuomba radhi, na mimi nirudi na kiongozi wangu wa dini aje athibitishe kwamba familia yetu ni safi. Nimekataa yote mawili. Mchungaji wangu ninamheshimu, na simwiti kuja kuthibitisha kwamba mtoto niliyemlea si mchawi. Nikikubali hilo nitakuwa nimekubali kwamba swali lenyewe lilikuwa halali.

Kama kosa ni kubeba kitabu kisicho cha masomo, sawa, sheria ya shule ipo. Alikibeba ili wakati wa mapumziko atafute na rafiki yake maneno magumu tuliyoyaruka. Mngekizuia ofisini, mkanipigia simu, ningekuja, ningesaini, ningemkanya. Namba yangu mnayo, michango mnaniitia kwa namba hiyo hiyo.

Najua humu kuna watakaoniambia nimsomee binti Biblia. Namsomea. Na najua wapo wazazi wanaofikiri kama nilivyofikiri mimi, wana hofu ya kweli kwa watoto wao, na siwadharau hata kidogo. Ninachowaomba ni kurasa 20 tu. Kaa chini na kitabu unachokiogopa, soma kurasa 20, halafu amua kama mzazi. Ukiamua mtoto asisome, umeamua ukiwa na macho. Yule mwalimu aliamua kwa niaba ya watoto wote wale bila kufungua jalada.

Kuna jambo moja zaidi. Kwenye kitabu hiki cha tano kuna wanyama kama farasi, weusi, wana mabawa na wamekonda mpaka mifupa inaonekana. Wanakokota magari ya shule miaka yote lakini wanafunzi wengi hawawaoni, kwa sababu anayewaona ni yule tu aliyeshuhudia mtu akifa. Tulipomaliza sura hiyo binti yangu alikaa kimya, kisha akaniuliza: "Baba, wewe ungewaona?"

Sijawahi kumsimulia habari za 1996. Anajua babu yake alikufa kwenye meli, basi. Usiku ule nilimwambia yote. Nilimwambia jinsi habari ilivyofika, jinsi watu walivyokimbilia bandarini, jinsi baba mdogo alivyonishika mkono tukapita katikati ya maiti zilizolazwa uwanja wa Nyamagana, tukitazama uso mmoja baada ya mwingine, na hatukumpata. Nilimwambia kwamba ninapokwenda Igoma kwenye makaburi ya pamoja huwa sijui nisimame upande gani. Binti alilia, nami nililia, mama yake akaja akakaa nasi. Miaka yote sikupata pa kuanzia, na kitabu kile kikanipa pa kuanzia. Hicho ndicho mlichokitia kwenye shimo la maganda ya viazi.

Sitaki fidia ya shilingi 12,000. Ninachodai ni kwamba mstari ule ule, asubuhi, mbele ya wanafunzi wale wale, mwalimu yule yule aliondoe neno lile kwa mdomo wake. Nitarudi Jumatatu, na Jumatatu inayofuata, na wakikataa nakwenda kwa ofisa elimu wa wilaya kwa maandishi. Mwenye uzoefu wa kuandika malalamiko ya namna hii anielekeze muundo wake.

Na kama kuna mtu Mwanza, iwe Nyegezi, Buzuruga, Ilemela au hata ng'ambo Sengerema, mwenye nakala ya kitabu cha tano, naomba ninunue, au niazime wiki mbili, nitaweka kitu chochote rehani. Jalada likiwa limechanika haina shida. Tuliishia ndani ya sura ya 22. Baba yake Ron, rafiki wa Harry, ameumwa na nyoka, amekimbizwa hospitali, na watoto wake wamekaa jikoni usiku kucha wakisubiri mtu aje kuwaambia kama yu hai.