Naombeni ushauri: kompyuta ya kusoma picha za kamera ikae ndani ya basi au kwenye mnara wa simu?

Wakuu habari zenu, niko kwenye proposo ya mastaz, nataka kamera za mabasi ya mwendokasi ya Dar njia ya Kimara–Kivukoni zimtonye dereva wa basi pale bodaboda akikatiza mbele. Sasa seva za klaudi (kompyuta za kukodi kupitia intaneti) ziko Cape Town, na basi likiwa spidi 50 linakula karibu mita 14 kwa sekunde, yaani data ikichukua milisekunde 100 kwenda na kurudi limeshasogea zaidi ya mita moja, hapo mtandao haujayumba bado pale Manzese saa za foleni. Saupavaiza anataka seva ndogo kwenye mnara wa simu wa 5G, mi naona boksi ndani ya basi inatosha ila joto la Dar ndo linanitisha. Aliyewahi kufunga hivi vitu anishauri, na mnarani unaongea na nani, kampuni ya simu au mwenye mnara?