Naombeni ushauri: insha za wanafunzi wangu zinafanana zote, iwe fasihi, baiolojia, historia au uraia

Mwalimu_Kaskazini

Asalaam aleikum wana jamvi.

Nafundisha Kiswahili kwenye skuli ya sekondari huku Kaskazini Pemba. Mwaka huu walimu wa masomo manne tumekubaliana tukusanye insha nzuri za Kidato cha Tatu, tuzichape kijitabu kimoja kibakie maktaba, wadogo zao wakija wasome. Kazi ya kuzipitia nimepewa mie.

Zimeshafika mezani na zinanisumbua. Ukifunika jina la somo, hujui unasoma somo gani. Zote zinaanza na maana: "Fasihi ni sanaa itumiayo lugha", "Karafuu ni zao la biashara", "Kichocho ni maradhi". Inafuata aya ya kusema insha itaeleza nini, kisha hoja sita, kila hoja mistari minne, kisha "kwa kuhitimisha". Sarufi si mbaya. Lakini mtoto ambaye mama yake analima mwani ameandika juu ya mwani, na ndani ya insha hamna pwani, hamna bamvua, ile siku maji yanapokupwa mbali, hamna kamba wala kigingi cha kufungia mwani. Mwengine ameandika juu ya karafuu. Msimu ukifika huyu anachuma na kuanika kama wenziwe wote, lakini alichokiandika angeweza kukiandika mtu asiyewahi kuuona mkarafuu.

Nataka kuwarudishia waandike upya. Kinachonitatiza ni kwamba mimi ni wa Kiswahili tu, sijui niwaambie nini kitakachowafaa kwenye baiolojia na historia. Baiolojia na historia wanasoma kwa Kiingereza, na huko ndiko insha zilikokauka zaidi. Halafu wapo wenzangu wanaoniambia nikiwatoa kwenye hoja sita nitawaharibia mtihani wa Taifa. Naombeni mawazo, khasa waliowahi kufundisha visiwani.

Maalim_wa_Zamani

Waaleikum salaam mwanangu. Nimesomesha historia mpaka nikastaafu, na hili unaloliona nimeliona miaka mingi.

Tatizo linaanzia kwenye swali. Ukimwambia mtoto "eleza umuhimu wa karafuu Zanzibar", umeshampa jibu la hoja sita. Hana la kutafuta, kazi yake ni kukumbuka. Mwulize hivi: kwa nini karafuu nyingi ziko Pemba na si Unguja, wakati mikarafuu ilishika Unguja kwanza? Hapo atahangaika. Atagundua kwamba mwezi wa Aprili 1872 Unguja ilipigwa na kimbunga kikubwa kilichoangusha mikarafuu na minazi mingi, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Mkarafuu haurudi kwa mwaka mmoja, unachukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Kwa hiyo bei ilipanda, na mwenye mikarafuu iliyosimama Pemba akawa na mali mkononi. Watu wakapanda zaidi huku.

Asiishie hapo. Mwaka uliofuata, 1873, Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Mashamba yanakua huku na njia ya kuwaleta watumwa inafungwa kule. Nani atachuma? Mwaka 1897 ikaja amri ya kufuta hadhi ya utumwa kisheria, na swali likazidi kuwa zito kwa wenye mashamba: ujira, wachumaji wa kuja msimu kwa msimu, watu waliobaki kwenye ardhi isiyokuwa yao. Mwanafunzi akishika uzi huo, kila aya itaita inayofuata, na hutomwona akihesabu hoja.

Jambo la pili ni ushahidi. Kwenye historia mtoto lazima aseme amejuaje. Wapelekeni Makumbusho ya Pemba pale ngomeni Chake Chake. Wapelekeni Pujini, alikotawala Mkama Ndume, au Ras Mkumbuu, wayaone magofu kwa macho yao kabla ya kuandika juu ya miji ya kale ya pwani. Na wazee wapo nyumbani. Bibi anaweza kuwa hajui mwaka, lakini anajua pishi ya karafuu, kile kipimo cha zamani, ilikuwa ikilipwaje na nani aliyekuwa akija kuchuma. Mtoto aandike: bibi kanambia hivi, kitabu kinasema hivi, mimi naona hivi. Tofauti ikitokea baina ya bibi na kitabu, asiifiche. Insha inapata nguvu hapo.

Tahadhari moja. Kuna wazee ambao mambo ya Mapinduzi ya 1964 hawapendi kuyasema, na wana sababu zao. Mtoto asimlazimishe mtu. Akiona mzee kanyamaza, abadilishe mazungumzo.

Kalamu_Nyekundu

Nasahihisha mitihani, nitakuwa mfupi. Hao wanaokwambia utawaharibia wana hoja, usiwapuuze. Mtihani una muda, na msahihishaji ana rundo mbele yake. Anatafuta hoja inayoonekana, maelezo na mfano. Mtoto akimwaga hadithi ndefu bila hoja kuonekana, alama zinapotea.

Lakini hakuna panaposema mfano lazima utoke kwenye notsi. Kinachochosha ni kukuta darasa zima limeandika mfano uleule, neno kwa neno. Anayeleta mfano wake mwenyewe, ukiwa sahihi, anasomwa kwa makini zaidi. Kijitabu chenu si mtihani, kwa hiyo hapo waache wavue ule muundo. Wakirudi kwenye mtihani watauvaa, na safari hii watakuwa na cha kutia ndani.

Maabara_Chake

Mwalimu, kwenye sayansi mimi ningekwambia kitu kimoja tu: insha nzuri ni ile ambayo mwengine akiisoma anaweza kuirudia kazi na kuona kama atapata jibu hilohilo.

Huyo wa karafuu anafaa sana. Apime karafuu mbichi, aandike uzito. Nusu aanike kwenye jamvi, nusu kwenye sakafu ya saruji. Kila jioni apime tena mpaka uzito usimame. Aandike jua lilivyokuwa, mvua kama imenyesha, saa ngapi alizianua. Vitabu vinasema karafuu kavu hubaki kiasi cha theluthi moja ya uzito wa mbichi. Zake zimebaki kiasi gani? Zikitofautiana na kitabu, aulize kwa nini: pengine hazijakauka vya kutosha, pengine alichanganya na makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Tayari ana insha ambayo haikutoka kwa mtu mwengine.

Popo wa Pemba ni mada nyengine ya kutosha kijitabu kizima. Mnyama huyu haishi popote duniani isipokuwa kisiwani kwetu, anakula matunda, anasambaza mbegu, anasaidia uchavushaji. Walio karibu na Kidike, wanakolala popo hao, wanaweza kuwahesabu wakitoka wakati wa magharibi. Wasiandike "popo ni wengi". Waandike walisimama wapi, saa ngapi, wamehesabu vipi, na kwa nini hesabu ya watu wawili waliosimama pamoja inaweza kupishana.

Kwa kichocho, tafadhali, asiingie mtu kwenye bwawa kutafuta konokono. Minyoo ile michanga ikishatoka kwa konokono inapenya ngozi majini, haingoji mtu anywe. Yeye achore mzunguko: mkojo wa mgonjwa, mayai, maji, konokono, ngozi ya mtu. Kisha atembee kijijini kwake aandike ni wapi mzunguko huo unaweza kukatwa. Watoto wanaoga wapi? Nguo zinafuliwa wapi? Vyoo viko umbali gani na maji? Akiweza kujibu hayo ameielewa baiolojia kuliko aliyekariri jina la Kilatini.

Mwalimu_Kaskazini

Ahsanteni sana, Maalim na wenzangu. Hili la karafuu nimeshalipeleka kwa mwalimu wa baiolojia na amelifurahia. Kwenye uraia nifanyeje? Huko ndiko kwenye "changamoto na utatuzi", na kila mtoto anamaliza kwa kuitaka serikali itoe elimu.

Binti_Mwani

Dada, mimi si mwalimu. Mama yangu na shangazi zangu wanalima mwani na mie nimelima nao, kwa hiyo naweza kusema juu ya huyo mtoto wako wa mwani.

Kilimo hichi kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wengi waliokishika ni wanawake. Hapo pekee pana maswali ya kutosha. Mama alikuwa akipata pesa wapi kabla ya mwani? Pesa ya mwani inapoingia nyumbani, nani anaamua itumike vipi? Vitabu vitasema "umewainua wanawake kiuchumi". Sawa, lakini mwambie akamwulize mama yake alinunua nini kwa pesa ya mwanzo, na leo akiuza ananunua nini. Atapata majibu yasiyopangika vizuri, na ayaandike hivyohivyo.

Halafu kuna aina mbili, kotoni na spinosum. Kotoni ina bei nzuri zaidi, lakini maji yakipata moto inaoza na kufa, na miaka hii maji yanapata moto. Spinosum inavumilia zaidi, bei yake ndogo. Ukitaka kuipeleka kotoni kwenye maji ya kina unahitaji chombo na unahitaji kujua kuogelea, na wanawake wengi wa rika la mama yangu hawakufunzwa kuogelea. Unaona mwalimu? Hapo pana joto la bahari, bei ya soko la nje, na malezi ya mtoto wa kike, vyote ndani ya kamba moja ya mwani. Mtoto akiandika hayo hatoweza kumaliza kwa "serikali itoe elimu", kwa sababu atakuwa ameshajua ni elimu ipi inayohitajika na nani wa kuipata.

Awaombe ruhusa anaowahoji, na asiandike majina yao wala nani anadaiwa nini. Vijiji vyetu vidogo, watu wanatambuana kwa maneno mawili.

Msomaji_wa_Mji_Mkongwe

Nyote mmesahau fasihi kwa kuwa mwenyewe ni mwalimu wa Kiswahili! Nami nadhani huko ndiko ugonjwa ulikoanzia. Tumewafundisha "fani na maudhui" kama orodha ya kujaza: dhamira hizi, wahusika hawa, tamathali hizi, basi. Mtoto anaweza kujaza yote bila ya kukipenda wala kukichukia kitabu.

Jaribu hivi. Mchague mhusika mmoja na uamuzi wake mmoja. Mwulize mwanafunzi: hapa alikosea au alipatia? Nionyeshe sentensi iliyokufanya useme hivyo. Akileta sentensi, mwulize kwa nini mwandishi ameisema kwa maneno yale na si mengine. Kusimulia kisa mruhusu nusu ya ukurasa, usimpe zaidi, maana wengi wanadhani kusimulia kisa ndiyo kuchambua.

Na kama mnataka masomo yashikane, chukueni mgomo wa 1948. Ulianzia kwa makuli wa bandarini Unguja, juu ya ujira na ughali wa maisha, ukasambaa mjini. Adam Shafi aliutungia riwaya, *Kuli*. Kundi moja liandike insha ya historia: nini kilisababisha mgomo na kilibadilisha nini. Kundi jengine liandike juu ya Rashidi wa riwayani: mwandishi anatufanyaje tumwelewe mtu mmoja ndani ya umati ule. Wakikaa pamoja kusomeana wataona wenyewe kwamba mwanahistoria hana ruhusa ya kuingia moyoni mwa mtu bila ushahidi, na mtunzi anayo.

Mwanachuo_Tunguu

Naongezea kuhusu lugha, kwa kuwa nimepita hapohapo si zamani. Sisi insha ya historia tulikuwa tukiikariri kwa Kiingereza aya kwa aya. Ukisahau neno moja, aya nzima imepotea. Mwalimu mmoja alitutoa: somo likiisha tunazungumza kwa Kiswahili, tunabishana, tunaandika rasimu kwa Kiswahili, ndipo tunaiandika upya kwa Kiingereza kwa sentensi fupi fupi. Kiingereza chetu kilionekana cha kitoto mwanzoni lakini kilikuwa chetu. Kwa kijitabu, kwa nini msichape kwa Kiswahili zote? Wazee waliohojiwa nao watapata kusoma.

Na hili la simu mulitazame. Siku hizi insha nzima inatoka kwenye simu kwa dakika moja. Kukagua neno kwa neno ni kazi bure. Ukitaka mizani ya karafuu za kwao na maneno ya bibi yake, simu haina.

Kalamu_Nyekundu

Hapo kwenye lugha siafiki moja kwa moja. Wakiandika kijitabu kwa Kiswahili tu, watafurahi na bado Novemba watakutana na karatasi ya Kiingereza. Rasimu kwa Kiswahili sawa. Lakini kila mmoja abaki na nakala ya Kiingereza ya insha yake, mwalimu wa somo aisahihishe.

Mwalimu_Kaskazini

Nimewasoma nyote, Allah awalipe kheri. Tumekaa walimu wanne leo mchana. Insha zinarudi zote. Kila mwanafunzi atabadilishiwa mada iwe swali, na kila swali lazima limtoe nje ya daftari: apime, ahoji, au asome ukurasa kwa makini. Kijitabu kitakuwa kwa Kiswahili na nakala za Kiingereza zitabaki kwenye daftari za masomo, kama alivyosema Kalamu_Nyekundu. Mtoto wa mwani nimeshazungumza naye. Kwanza alinambia, "Mwalimu, hayo ya mama nayo ni ya kuandika?" Nikamwambia ndiyo, na bamvua lijalo anashuka pwani na daftari.

Limebaki moja. Skuli yetu mizani ya maabara imeharibika, na karafuu haziwezi kungoja. Tutumie ya dukani?

Maabara_Chake

Ya dukani inatosha, mradi iwe ileile mwanzo mpaka mwisho. Msipime kiganja cha karafuu, haitoonyesha tofauti. Pimeni kilo mbili au zaidi. Kabla ya kila kipimo wekeni juu yake pakiti ya sukari ya kilo moja ambayo haijafunguliwa, muone kama mizani inasoma vilevile kila siku, na muandike inavyosoma. Hiyo nayo iingie kwenye insha.