Tupeane uzoefu: fiziotherapia ya misuli ya sakafu ya nyonga ilikuwaje kwako?

Mama Wawili, Dar es Salaam

Ndugu zangu, naufungua mjadala huu kwa sababu nililibeba jambo hili peke yangu kwa miaka miwili, na ninaamini humu ndani wapo wanaolibeba hadi leo. Mtoto wangu wa pili alizaliwa na kilo 4.1, nikachanika msamba na kushonwa, na tangu hapo kila nilipokohoa, kupiga chafya au kuinua ndoo ya maji mkojo ulinitoka. Bibi alinikanda kwa maji ya moto na kunifunga mkaja hadi arobaini ikatimia, nami nikaamini kwamba mwili ungejirudia wenyewe. Haukurudi. Niliacha kuimba kwaya, nikawa ninavaa nguo nyeusi tu, na katika daladala nilichagua kusimama ili nisije nikaacha alama kwenye kiti.

Daktari aliponiandikia kwenda fiziotherapia nilishangaa, kwa kuwa nilijua idara hiyo ni ya watu waliovunjika miguu au waliopatwa na kiharusi. Nilidhani pia kwamba nikifika tu nitaambiwa nivue nguo. Badala yake tuliketi vitini kwa karibu nusu saa, tukazungumza. Mtaalamu, ambaye ni mama wa rika langu, aliniuliza nimezaa mara ngapi na kwa njia gani, ninaamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo, ninakunywa vikombe vingapi vya chai, kama choo changu ni kigumu, na kama ninaumia katika tendo la ndoa. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza maswali hayo, si kliniki wala nyumbani, na nilipofika katikati ya majibu nililia.

Kisha alinionyesha mfano wa nyonga uliotengenezwa kwa plastiki, akanieleza kwamba misuli hii imetandazwa kama chandarua kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, na kwamba ndiyo inayobeba kibofu, mji wa mimba na mwisho wa utumbo mpana. Aliangalia ninavyosimama, ninavyopumua na jinsi tumbo langu linavyotembea. Mwisho aliniomba ruhusa ya kunipima kwa ndani, kwa kidole kimoja chenye glavu na mafuta ya kulainisha, akasema wazi kwamba ninaweza kukataa, ninaweza kuja na mtu wangu, na hata nikikubali ninaweza kumwambia aache wakati wowote. Nilikubali. Haikuchukua hata dakika tano, na haikuuma. Nguvu ya misuli hupimwa kwa alama kuanzia 0 hadi 5. Mimi nilipata 2. Aliniambia jambo ambalo nisingeligundua peke yangu: nilipodhani ninakaza misuli ya nyonga, nilikuwa ninabana makalio na mapaja huku nimezuia pumzi.

Nilipewa kazi ya nyumbani. Nikaze kwa sekunde 3, nilegeze kabisa kwa muda huohuo, nirudie mara 8, na nifanye hivyo mara 3 kwa siku, na kadiri nguvu ilivyoongezeka tuliongeza sekunde hadi 10. Nikihisi kikohozi kinakuja, nikaze kwanza ndipo nikohoe. Aidha, niliandika kwa siku 3 kila nilichokunywa na kila nilipokwenda chooni, na daftari lile lilinionyesha kwamba nilikuwa ninakwenda mara 14 kwa siku, nyingi zikiwa za tahadhari tu kabla ya kutoka nyumbani, hata kibofu kikazoea kudai kikiwa hakijajaa. Kwa wiki 5 za mwanzo sikuona tofauti na nilikaribia kuacha. Baada ya miezi 3 nilikuwa nimerudi kwaya. Nikiruka kamba na wanangu bado yananitoka matone, nami bado ninafanya mazoezi.

Naomba nanyi mwandike mlichokutana nacho, kiwe kizuri au kigumu.

Binti wa Tanga

Asante sana dada. Yangu ni kinyume cha yako, na ninaiandika ili mtu mwenye hali kama yangu asianze kujikaza kwa kuiga.

Tangu nilipoolewa tendo la ndoa lilikuwa maumivu matupu, kama kupigwa ukuta. Niliambiwa nivumilie, kwamba nikishazaa yatakwisha. Somo yangu alikuwa amenifundisha kubana kabla ya harusi, na alinifundisha kwa nia njema, lakini kulegeza hakunifundisha mtu. Mtaalamu alipozungumza nami akagundua kwamba misuli yangu imekaza muda wote, hata nikiwa nimelala, akanikataza mazoezi ya kukaza mpaka hapo atakaponiambia, kwa sababu kwa mtu wa namna yangu yanaweza kuongeza maumivu.

Mara 3 za mwanzo hakunigusa kabisa sehemu za siri. Nililala ubavu, mto katikati ya magoti, nikajifunza kuvuta pumzi hadi tumbo likapanda na kuhisi chini kunashuka taratibu. Nilikatishwa tamaa kidogo, nikiwaza kwamba nimetoa nauli ya basi ili nikafundishwe kupumua. Baadaye nilianza kutumia vipanuzi, vifaa laini vya ukubwa tofauti, cha kwanza kikiwa chembamba kama kidole cha mwisho, na nilivitumia mwenyewe, chumbani kwangu, bila kuharakishwa na yeyote. Kuna majuma niliyorudi nyuma, hasa nilipokuwa na msongo kazini. Mume wangu alikuja nami mara moja, akaelezwa, na tangu siku ile aliacha kudhani kwamba simtaki. Hilo peke yake lilinipa nafuu kubwa. Ilinichukua miezi 7. Wakati mwingine bado ninahisi kuwaka kidogo, ila maumivu yale ya ukuta hayapo tena.

Mzee wa Moshi

Wanangu, hamjambo. Nina umri wa miaka 67, na ninaandika kwa kuwa wanaume wengi hatujui kwamba nasi tunayo misuli hii.

Nilifanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi dume kutokana na saratani. Mpira wa mkojo ulipotolewa nilijikuta sina uwezo wa kuzuia chochote. Nikiinuka tu kwenye kiti, ninalowa. Mimi ni mzee wa kanisa, na kwa miezi miwili sikukanyaga ibadani. Aliyenihudumia alikuwa kijana wa umri wa kitinda mimba wangu, na siku ya kwanza sikuweza kumtazama usoni. Alilielewa hilo, akazungumza nami huku ametazama karatasi zake mpaka nilipotulia. Alinielekeza nivute ndani kana kwamba ninaufupisha uume na kuinua korodani, bila kubana makalio, kwanza nikiwa nimelala, kisha nimekaa, kisha nimesimama, kwa kuwa mkojo wangu ulinitoka hasa nikiwa nimesimama. Nilianza nikitumia pedi 5 kwa siku, na baada ya miezi 6 ninatumia moja, tena kwa tahadhari ya safari. Ninachosikitikia ni kwamba mazoezi haya yanaweza kufundishwa kabla ya upasuaji, nami sikuambiwa. Yeyote anayesubiri upasuaji huo aulize mapema.

Mkunga Mstaafu

Shikamoo mzee wangu, na pole. Wengine wote nawasalimu.

Niongeze tahadhari kutokana na kazi niliyoifanya kwa miaka mingi. Ikiwa mama amejifungua baada ya uchungu wa muda mrefu na sasa mkojo au kinyesi kinamtoka mfululizo, usiku na mchana, bila kukohoa wala kuinua kitu, asianze mazoezi akisubiri miezi 3. Huenda hiyo ni fistula, yaani tundu, na tundu kwa kawaida huzibwa kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikiwatibu akina mama hao bila malipo kwa miaka mingi. Mazoezi yana nafasi yake baada ya kushonwa na kupona. Vilevile mkojo wenye damu, au ganzi ya ghafla katikati ya mapaja pamoja na miguu kulegea, ni mambo ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo.

Jambo jingine: wengi hufundishana kukata mkojo katikati kama zoezi. Mnaweza kujaribu mara moja ili kuitambua misuli, lakini msiifanye desturi, kwa maana kibofu kinaweza kubaki na mkojo. Mazoezi haya yamefahamika tangu daktari Mmarekani, Arnold Kegel, alipoandika juu yake mwaka 1948, na bado watu wengi sana huyafanya vibaya kwa kuwa hawajawahi kupimwa na mtu anayeyajua.

Mama Lyon

Nilijifungulia hapa Ufaransa, ambako mazoezi haya hayahesabiwi kuwa tiba ya wagonjwa peke yao. Katika ukaguzi wa baada ya kujifungua niliandikiwa vipindi 10, gharama zikalipwa na bima ya afya ya taifa, ingawa sikuwa na tatizo lolote. Nilitumia pia kifaa kidogo kinachowekwa ukeni na kuunganishwa na skrini, nikikaza mstari unapanda, nikilegeza unashuka, na kwa mtu kama mimi nisiyehisi kitu huko chini kwa wiki kadhaa, mstari ule ulinisaidia kuliko maelezo yote. Dada yangu aliyejifungulia Bukavu mwaka uleule hakuwahi kusikia habari hizi hadi nilipompigia simu.

Umm Salma, Mombasa

Assalamu alaykum. Nimesoma yote. Shida yangu ni sala. Nikiinama kurukuu tu yanatoka, udhu unatenguka, na Ramadhani iliyopita sikwenda tarawehe hata siku moja. Je, hili nalo niliseme huko, ama watanicheka? Na mapokezi pale kuna watu wengi, nitasemaje?

Mama Wawili, Dar es Salaam

Wa alaykum salaam dada yangu. Liseme, tena liseme mwanzoni kabisa. Nilipokuwa ninatibiwa alikuwapo mama wa Kiislamu mwenye shida hiyohiyo, na zoezi lake lilikuwa kukaza kabla ya kurukuu na kabla ya kusujudu, akirudia pamoja na mtaalamu mwendo wote wa sala juu ya mkeka palepale chumbani. Kuhusu udhu katika kipindi hiki, muulize sheikh wako, kwani mama yule aliambiwa kwamba wapo wanaotawadha upya kwa kila sala ya faradhi wakati wake unapoingia. Ama mapokezi, mimi niliandika kwenye kipande cha karatasi, "Nimeandikiwa fiziotherapia ya nyonga, naomba mtaalamu wa kike," nikakipitisha dirishani. Yule dada alikisoma, akanionyesha mlango wa pili kushoto.