MREJESHO: Lile swali la kurahisisha sehemu ya aljebra, baki limeisha

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Swali langu lilikuwa kurahisisha (x³ − 7x + 6)/(x² − 3x + 2). Nilikuwa nagawanya napata x − 3 na baki −18x + 12, wakati jibu la kitabu halina baki.

Makosa yalikuwa yangu, tena mawili. Kwanza, kiasi (sehemu ya juu) hakina x², na mimi sikuiachia nafasi. Mliponiambia niandike x³ + 0x² − 7x + 6, kila kipeo kikakaa kwenye safu yake. Pili, na hili ndilo lililonitesa siku mbili nzima: x mara asili (sehemu ya chini) inakupa x³ − 3x² + 2x, halafu unaitoa kwenye kiasi. 0x² kutoa −3x² ni +3x². Mimi niliandika −3x², na kuanzia hapo kila mstari ukaharibika.

Sasa nafunga mabano kabla ya kutoa. Nikapata 3x² − 9x + 6, ambayo ni 3 mara asili kamili. Baki sifuri, jibu x + 3. Nilifurahi sana!

Nikahakiki kwa x = 3: kiasi 12, asili 2, jibu 6. Na 3 + 3 ni 6.

Aliyenikumbusha kuandika x ≠ 1 na x ≠ 2, asante sana. Ni kweli, asili ni (x − 1)(x − 2), kwa hiyo x ikiwa 1 au 2 inakuwa sifuri na huwezi kugawanya, na sharti hilo linabaki hata baada ya kurahisisha. Nisingeliandika kabisa.