Jogoo wa mnada wa shule aandikwe kwa jina la nani?

Mzazi wa Kondele
Hamjambo wazazi wenzangu. Nimekabidhiwa daftari la michango ya shule ya mwanangu hapa Kisumu. Jumamosi tulikuwa na harambee ya madawati, tukanadi vitu walivyoleta wazazi. Mama mmoja anayeuza mboga Kibuye alileta jogoo wa kienyeji, sokoni kama shilingi 900. Wa kwanza alimnunua kwa 4,000 akamrudisha anadiwe tena. Wa pili akatoa 2,500, naye akamrudisha. Wa tatu akatoa 1,800 akaenda naye nyumbani. Jumla 8,300. Sasa orodha iliyotumwa kwenye WhatsApp imewasifu wanunuzi watatu, na kwa yule mama pameandikwa sufuri. Imeniuma. Je, aandikiwe mama zote, wabaki wanunuzi peke yao, au tugawanye? Kwenu mnafanyaje?

Baba Pacha, Nakuru
Sisi tulikuwa tunamwandikia aliyeleta bei yote ya mnada. Tuliacha. Mkungu wa ndizi ulifika 6,000 kwa sababu ulinunuliwa na mgeni wa heshima, lakini gunia zima la viazi likapata 3,000 kwa kuwa lilinadiwa jioni, watu wameanza kuondoka. Mwenye viazi alitoa zaidi akaonekana ametoa kidogo. Bei ya mnada ni ulimi wa dalali na saa yenyewe.

Mweka Hazina Mstaafu
Gawanya, ndugu yangu. Mama aandikiwe 900, thamani ya jogoo wake. Wa kwanza 4,000 na wa pili 2,500, zote kamili, maana hawakuondoka na kitu. Wa tatu aandikiwe 900 tu, kwa sababu zile 900 nyingine amenunulia kitoweo. Jumlisha: 8,300, sawasawa na pesa zilizoingia. Kitu kikiuzwa chini ya bei ya soko, aliyeleta aandikiwe kilichopatikana, daftari lisipishane na benki.

Marekani hesabu ya kodi iko hivyo hivyo: anayenunua kwenye mnada wa hisani huhesabiwa mchango ile ziada tu juu ya thamani ya kitu. Malipo yakizidi dola 75, shirika linalopokea linapaswa kumwandikia makadirio ya thamani ya alichopata.

Nyar Ahero
Naunga mkono, ila hiyo 900 iandikwe pale mlangoni kitu kinapopokelewa, mwenyewe akiwepo. Mkingoja mnada uishe, kila mtu atakuja na bei yake.

Na wale kina mama waliofika saa kumi na moja alfajiri kupika chai na chapati? Msiwawekee bei, itakuwa kama mmewaajiri. Wapeni ukurasa wao: jina, kazi, saa walizofanya. Nimepika harambee nne na sijawahi kuona jina langu popote.

Mwalimu, Bungoma
Hesabu ni nzuri, lakini tafadhali isirushwe kwenye kundi. Watoto hushika simu za wazazi, kesho yake darasani wanaulizana nani baba yake alitoa nini. Kila mzazi apewe risiti yake, kwenye kundi yatajwe majina yote bila kiasi. Na kama ni shule ya umma, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema mtoto asizuiwe kuhudhuria shule kwa sababu malipo ya ziada hayajalipwa. Daftari lako lisije likageuzwa orodha ya wadaiwa.

Baba Pacha, Nakuru
Mwalimu amesema kweli. Ahadi nazo ziwe kando hadi zilipwe.

Mzazi wa Kondele
Asanteni sana. Nachukua hesabu ya Mweka Hazina, na Nyar Ahero, ukurasa wa wapishi nimeshaufungua, una majina kumi na moja. Nimeomba orodha ile iondolewe kwenye kundi. Mnunuzi wa tatu nimempigia kumweleza kwa nini 1,800 zake zitasomeka 900. Mwanzoni hakufurahi, tukaipitia hesabu pamoja, amekubali. Kesho asubuhi nampelekea yule mama risiti yake Kibuye, kabla hajapanga mboga.