Wamesema si saratani: kwa nini basi mwanangu akatwe taya?

Mama wa Micheweni
Assalamu alaykum. Naomba ushauri wenu kuhusu mwanangu wa kiume wa miaka 11, ambaye tangu Mfungo Sita ana uvimbe katika taya la chini, upande wa kushoto. Hana maumivu wala homa, na skuli anakwenda, ila chakula anatafunia upande mmoja, na nilipombonyeza kwa ndani ya shavu nilihisi mfupa unabonyea kama ganda la yai. Mwanzo tulidhani ni jino. Akang'olewa gego, kidonda kikapona, uvimbe ukazidi. Ndipo tukavuka kwenda Unguja, akapigwa picha, akakatwa kinyama cha uchunguzi, na jibu likaja kwamba ni ameloblastoma, uvimbe usio wa saratani. Daktari anataka kumpasua na amenitanabahisha kuwa huenda kipande cha taya kikaondolewa. Bibi yake ameshikilia kwamba kisichokuwa saratani kiachwe, mtoto akikua kitapotea. Nami nimebaki katikati, usingizi siupati.

Baba wa Makunduchi
Wa alaykum salaam. Binti yangu alianza kuvimba taya zote mbili akiwa na miaka 4. Tuliambiwa ni cherubizimu, maradhi ya kurithi ambayo mara nyingi hupungua baada ya kubaleghe, na leo ana miaka 16, uso wake umekaribia kurudi sawa bila ya kisu. Bibi huenda ana haki, usiharakishe.

Tabibu wa Meno
Ndugu yangu wa Makunduchi, namshukuru Mungu kwa afya ya binti yako, lakini hayo ni maradhi mengine kabisa. Ameloblastoma hutokana na chembe za aina ile inayotengeneza gamba gumu la jino, na haipotei kwa kukua kwa mtoto. Huufukua mfupa kwa ndani polepole, husukuma meno, na ikiachwa taya linaweza kuvunjika. Kusema si saratani maana yake ni kwamba kwa kawaida haisambai mwilini. Si kwamba itasimama ilipo.

Mama, muulize daktari jambo hili kwanza: je, ni ile ya mfuko mmoja, ambayo ndiyo huonekana zaidi kwa watoto na vijana? Na kama ndiyo, chembe zimekaa kwenye utando wa ndani tu, au zimeshaingia katika ukuta wa mfuko? Zikiwa kwenye utando, mara nyingi mfuko hutolewa na mfupa kukwanguliwa, taya likabaki. Zikiwa zimeingia ukutani, kukwangua peke yake huacha mabaki na uvimbe hurudi, na hapo ndipo hukatwa pamoja na sehemu ya mfupa mzima.

Kinyama kile kilikuwa cha lazima. Kwetu Afrika Mashariki uvimbe wa taya la mtoto waweza kuwa saratani ya Burkitt, aliyoieleza daktari Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958. Hiyo hukua kwa siku na wiki, meno yakalegea, na hutibiwa kwa dawa. Mzazi anayeona hivyo asingoje hata wiki moja.

Mama wa Mtambwe
Mwanangu alikatwa kipande cha taya akawekewa chuma, na baadaye akapandikizwa mfupa uliotolewa nyonga. Wiki za mwanzo alikunywa uji na supu ya samaki iliyochujwa. Mdomo wake wa chini una ganzi mpaka leo, kwa hiyo ulizia na hilo mapema. Picha na majibu yote yaweke mwenyewe kwenye mfuko wa plastiki, kwani tuliporudi kuangaliwa ile ya zamani haikuonekana, na kuangaliwa kwenyewe ni kwa miaka mingi. Uvimbe huu waweza kurudi hata baada ya miaka 10.

Mama wa Micheweni
Mungu akulipeni kheri. Nimemsomea bibi yake maneno ya tabibu mara mbili, akauliza chuma hicho mtoto atakisikia akitafuna. Jumanne tunavuka naye pamoja, aulize mwenyewe.